Kifua cha Mwalimu

Kwa miaka mingi niliamini kwamba chuchu za mwanamume ni kama vile vifungo vinavyoshonwa kwenye mikono ya koti. Vipo, havifungi chochote, na hakuna fundi aliyewahi kueleza ni vya nini. Kwa hiyo ile ya kulia ilipoanza kuniwasha, nililaumu sweta.

Sweta yenyewe nilifumiwa na shemeji yangu, dada ya mke wangu, anayeishi Free Area pale Nakuru. Huko kwetu Subukia asubuhi kuna baridi ya kukunja vidole, na mimi nilikuwa nimestaafu kufundisha Kiswahili, nakamua ng'ombe wangu mwenyewe, kwa hiyo niliivaa karibu kila siku. Nikaiacha. Mwasho ukabaki. Nikabadilisha sabuni. Mwasho ukabaki. Ngozi ikaanza kubambuka kama rangi ya ukuta ulionyeshewa, ikawa nyekundu, ikatoa maji, ikakauka gamba, kisha ikatoa maji tena.

Dawa ya kwanza niliitoa zizini. Kila mfugaji ana kopo la mafuta ya kukamulia, yale tunayopaka ng'ombe chuchu zisipasuke. Watu wa kwetu hujipaka hayo hayo usoni na miguuni, na siku ya kupigwa picha shuleni darasa zima hung'aa kwayo. Nikasema, kama yanazitosha chuchu nne za ng'ombe, hayatashindwa na moja ya mwalimu. Yalilainisha. Hayakuponya.

Mke wangu aligundua kabla sijamwambia, ila aligundua vibaya. Alikuwa anafua nje, nikamwona ameinua fulana yangu juu, anaitazama kwenye jua jinsi mtu anavyotazama noti anayoishuku.

"Mwalimu," akaita. Tangu tuoane ananiita hivyo, akifurahi na akikasirika. Tofauti iko kwenye silabi ya mwisho. "Hii ni nini?"

Kulikuwa na doa dogo upande wa kulia, la ukubwa wa kifungo.

"Ni doa."

"Naona ni doa. Ni ya rangi gani?"

"Nyekundu nyekundu."

"Lipstiki."

"Mama, ni lipstiki gani hiyo inapita koti, ipite sweta, ipite shati, ndiyo ikafike kwa fulana?"

"Hiyo ndiyo nataka unielezee. Wewe ndiye mwalimu."

Nikavua shati pale pale nje, kuku wakiniangalia. Mke wangu akafuta mikono kwa leso, akaenda ndani kuchukua miwani, akarudi, akainama.

"Woi," akasema. "Na hii kitu umekaa nayo tangu lini?"

"Tangu tupande mahindi."

"Na sasa tunavuna."

Kesho yake nikatumwa dispensari kama mtoto. Daktari wa pale alikuwa mwanamume mchangamfu mwenye haraka, na mlango wa chumba chake ulikuwa haufungi vizuri. Nje ya mlango, kwenye benchi, walikuwa wamekaa mweka hazina wa kanisa letu, mama wa mwanafunzi wangu wa zamani, na mwanamke ambaye najua kwa hakika kwamba habari ikimfikia asubuhi, saa sita iko sokoni.

"Mzee, shida ni nini?"

Nimefundisha msamiati maisha yangu yote. Nimewafundisha watoto wa watu majina ya sehemu za mwili, zote, kwa sauti, darasa zima likiitikia. Siku hiyo, watu watatu wakiwa wametega masikio mlangoni, neno moja la silabi mbili lilikataa kutoka.

"Kifua," nikasema.

"Kifua inakusumbua?"

"Inanisumbua sana."

"Usiku zaidi?"

Ilikuwa kweli, blanketi likigusa, mwasho unaamka. "Usiku zaidi."

"Kuna kitu inatoa?"

"Maji maji. Na siku zingine damu kidogo."

"Damu!" Kiti chake kilirudi nyuma chenyewe. Akafungua dirisha, akavaa barakoa, akanionyesha nikae upande ule upepo unakoelekea. Akaniwekea kile chombo chake cha kusikilizia mgongoni na kuniambia nivute pumzi. Nilivuta. Nilijua kabisa kwamba tumepotezana, lakini kila nilipotaka kumrudisha njiani nilisikia benchi likilia kule nje, watu wakisogea karibu. Nikaenda nyumbani na chupa ya dawa ya kikohozi na kikopo kidogo chenye kifuniko.

"Alisema nini?" mke wangu akauliza.

"Amesema nipeleke makohozi."

Akakitazama kikopo. Akanitazama mimi. "Makohozi ya chuchu?"

Hakuna cheti nilichowahi kupata ambacho kingenisaidia kulijibu swali hilo.

Tukaenda duka la dawa. Safari hii mke wangu ndiye aliyesema, wazi wazi, na muuzaji akatupa tyubu ya dawa ya kupaka. Na hapo ndipo nilipodanganyika kweli, kwa sababu dawa ile ilifanya kazi. Kwa majuma machache wekundu ukapungua, mwasho ukatulia, nikatangaza kwamba nimepona na nikarudi kuimba besi kwenye kwaya bila kujikuna. Halafu tyubu ikaisha, na kile kitu kikarudi kana kwamba kilikuwa kimeenda likizo. Mara hii chuchu yenyewe ilikuwa imebonyea. Ilikuwa imelala chini, imeingia ndani, kama mtu anayejificha wageni.

Nilitaka kununua tyubu nyingine. Mke wangu alinikuta zizini asubuhi, nimechuchumaa, nakamua matone ya kwanza kwenye kikombe cheusi kuangalia kama kuna mabonge, maana ndivyo mfugaji anavyojua kiwele kimeanza kuugua.

"Huyu ng'ombe unamwangalia chuchu mara ngapi?"

"Kila nikikamua."

"Na juzi alipotoka kakidonda kadogo, ulifanya nini?"

"Niliita daktari wa mifugo."

"Kabla chai haijapoa. Nilikuwa nimekumiminia." Akasimama pale, mikono kiunoni. "Sasa wewe ndio hutaki kuitiwa daktari kwa sababu hutoi maziwa?"

Nikavaa koti. Tukaenda Nakuru siku hiyo hiyo.

Daktari wa ngozi tuliyempata alikuwa mama wa makamo, mtulivu, mwenye sauti ya chini. Mlango wake ulifungika vizuri, hata hivyo nilianza kwa uangalifu. Nikamwambia kwamba kuna sehemu, upande wa kulia, hapa mbele, chini kidogo ya mfuko wa shati.

"Mzee," akasema, "hiyo inaitwa chuchu. Wanaume pia mko nazo. Toa shati."

Akaiangalia kwa taa, akaigusa kwa vidole viwili, akalinganisha na ya kushoto, akapapasa kifua chote na makwapa. Akaniuliza kama imewahi kupona na kurudi. Akauliza kama ya upande mwingine imewahi kuwasha. Nikasema hapana, ni hiyo moja tu.

"Hilo ndilo sipendi," akasema. "Ukurutu wa kawaida mara nyingi unapenda pande zote mbili, na ukitibiwa unasikia. Huu umekaa upande mmoja, unakataa dawa, na umevuta chuchu ndani. Siwezi kukuambia ni nini kwa macho. Nitatoa kipande kidogo kipelekwe maabara."

Kifaa chenyewe kilikuwa kama kile cha kukatia biskuti, lakini cha biskuti za sisimizi. Sindano ya ganzi ndiyo iliyouma, niliimba besi. Kile kipande sikukisikia kikitoka. Kilielea ndani ya chupa ya maji kama punje ya wali, na mke wangu akakitazama kwa muda mrefu kuliko mimi.

Siku za kungojea majibu zilikuwa ndefu. Mke wangu ni mtu wa kuongea. Huongea na kuku, na sufuria, na redio hata ikiwa imezimwa. Siku hizo alikuwa anapiga pasi vitu visivyopigwa pasi.

Tuliporudi Nakuru, daktari alituketisha wote wawili kabla ya kufungua bahasha, na hapo nikajua.

"Ni saratani," akasema. "Ni ile adimu ya chuchu. Kwa wanawake wenyewe ni wachache wanaipata, na kwa wanaume ni wachache zaidi. Inaanza na ngozi kama ukurutu, ndiyo maana watu wanazunguka nayo wakipaka mafuta. Mara nyingi kuna kitu kingine nyuma yake, ndani ya titi, kwa hivyo lazima tuangalie. Lakini Mwalimu, umekuja wakati bado tuna la kufanya."

Akatuambia jina la ugonjwa. Lilikuwa jina la daktari mmoja Mzungu wa zamani aliyeueleza kwanza. Mdomo wangu, ukijiendea wenyewe, ukauliza, "Huyo Mzungu, alikuwa na shamba huku kwetu?"

"Hapana, Mwalimu. Kwa nini?"

"Kwa sababu waliokuwa na mashamba huku walituachia vitu vingi. Nilitaka tu kujua kama na hii ni yao."

Daktari akacheka hadi akavua miwani. Mke wangu hakucheka. Tulipotoka nje, akanishika mkono. Naomba nieleweke: sisi si watu wa kushikana mikono barabarani. Siku ya arusi yetu tulishikana kwa sababu mchungaji aliamuru. Lakini siku hiyo aliushika mkono wangu mbele ya Nakuru nzima, akaukaza, na hakuuachilia hata tulipofika mahali pa kuvuka barabara. Mwanamume mmoja wa bodaboda akasimamisha pikipiki yake na kuzuia magari kwa mkono.

"Vuka, mathe. Pole pole. Mzee haoni kabisa ama anaona kidogo?"

"Anaona kidogo," mke wangu akasema, machozi yakimtiririka, akanivusha.

Kutoka hapo tulitumwa kliniki ya matiti. Nilikuwa nimejiandaa kwa saratani. Sikuwa nimejiandaa kwa benchi. Lilikuwa refu, limejaa wanawake, na waliponiona walisogea kwa heshima ili mke wangu akae, nami wakaniachia nafasi ya kusimama ukutani kama waume wengine wawili waliosindikiza. Muuguzi akatoka.

"Mgonjwa wa Subukia. Mama, ingia."

Mke wangu akaninyooshea kidole.

"Hapana, mama, bwana yako atangoja hapa nje. Wewe ndio tunataka."

"Mimi sina shida," mke wangu akasema, kwa sauti aliyoipata kwa kuita ng'ombe bondeni. "Mwenye titi ni huyu."

Benchi zima likageuka. Wale waume wawili wakajifunika vifua kwa mikono bila kujua wanafanya hivyo. Halafu mama mmoja aliyefunga kitambaa cha kichwa, mnene, mwenye uso wa ucheshi, akasogeza mkoba wake na kupiga benchi kwa kiganja. "Kuja ukae hapa, baba. Hapa ndio kwetu. Hakuna mtu anasimama na ugonjwa."

Alikuwa ametoka Kihoto, Naivasha. Nikamuuliza, kwa adabu, habari za huko.

"Kihoto? Mimi ziwa limenitesa mara mbili," akasema. "Moja lilinipata kwa kifua. Hilo nikakatwa. Sasa hilo lingine la Naivasha limeingia mpaka chumba cha kulala, na hilo sijui nitamwambia daktari gani alikate."

Benchi likaangua kicheko, na mimi, mwalimu wa Kiswahili, niliyefundisha vitate na maneno yenye maana zaidi ya moja hadi chaki ikaisha, nilikuwa sijawahi kusikia mfano bora. Tangu siku hiyo, kila nikienda kliniki namtafuta kwanza yule mama kabla ya kumtafuta daktari.

Wao ndio walionieleza picha ya titi inavyopigwa, titi likibanwa kati ya vibao viwili, na kila mmoja aliongeza chumvi, hata nikaingia kwenye kile chumba nimekumbatia kifua kwa mikono miwili. Mpiga picha alikuwa dada mpole. Alikamata kilichokuwepo, akakivuta, kikamponyoka. Akakamata tena. Akaniambia nisonge mbele, nibinuke, nijikaze, nijilegeze.

"Mzee, unafaa kunisaidia. Hakuna mahali pa kushika."

"Binti yangu, kama ningejua ningekuja nimenenepa."

Mwishowe mashine ikashuka, na picha ikatoka. Nyuma ya chuchu, ndani kabisa, kulikuwa na kitu kidogo ambacho hakuna kidole kilichokuwa kimekigusa. Nacho kikatolewa kipande kwa sindano, nacho kikawa saratani. Daktari wa upasuaji, mwanamume mrefu asiyepoteza maneno, akatuchorea kwenye karatasi: atatoa titi lote la upande ule pamoja na chuchu, na ataangalia tezi za kwapani kama ugonjwa umeanza kusafiri.

"Utahitaji kutengenezewa lingine?" akauliza, kwa sababu ndilo swali analowauliza wagonjwa wake.

Nikamtazama mke wangu. Mke wangu akafikiri kidogo.

"Hata hilo la kwanza hakuwa analitumia," akasema.

Asubuhi ya upasuaji walininyoa nusu ya kifua. Nusu tu. Upande mmoja nilikuwa mzee wa Subukia mwenye manyoya ya haki, upande mwingine nilikuwa kuku wa Krismasi. Wakanivika gauni linalofungwa nyuma na lisilofika linakokwenda. Daktari akanichora mshale kwa kalamu ya wino, nami nikamwomba aandike pia "si huu" upande wa kushoto. Akadhani natania. Nikamwambia nimesahihisha mitihani ya watu wazima, najua jinsi mtu mwerevu anavyoweza kukosea kulia na kushoto. Akaandika.

Usiku wa kuamkia siku hiyo nilikuwa nimeogopa kufa. Sikumwambia mtu. Asubuhi, nikisukumwa kwenye kitanda chenye gurudumu moja linalolia, nilishangaa kwamba kilichonisumbua zaidi ni kwamba ng'ombe wangu mmoja alikuwa karibu kuzaa na sikuwa nimemwachia jirani maagizo ya kutosha. Nikamwambia yule wa dawa ya usingizi habari za ng'ombe. Akaniambia nihesabu kurudi nyuma. Sikumbuki nilifika wapi.

Nilipoamka, mke wangu alikuwa ameinama juu yangu, anafunua bandeji pembeni kuhakikisha ni upande wa kulia. Akaridhika, akakaa. Baadaye nikaomba chombo cha kukojolea, na mambo yakaharibika, kwa sababu nilikojoa kijani. Kijani kabisa, kama majani ya mahindi. Nikampigia kelele muuguzi kwamba wamenitia sumu. Mke wangu akaanza kuomba kwa lugha ya mama. Muuguzi akaja polepole, akatazama, akasema, "Ah, hiyo ni ile rangi ya buluu daktari alikudunga kutafuta tezi za kwapani. Inatoka na mkojo. Kesho itakwisha."

"Na hamkusema?"

"Walikuambia, mzee. Ulikuwa unaongea juu ya ng'ombe."

Zile tezi zilikuwa safi. Habari hiyo tuliipata baadaye, nikiwa kwa shemeji yangu Free Area, nimelazwa kwenye sebule yake na mpira mwembamba unaotoka ubavuni hadi kwenye kichupa cha kukusanya majimaji. Mke wangu aliipokea simu, akasikiliza, akasema asante daktari, akaenda jikoni, na tukamsikia akiongea na sufuria. Shemeji na mimi tukatazamana. Tulijua amerudi.

Matatizo yangu mengine yalitoka kwa shemeji huyo huyo. Wageni walipokuja kuniona, na Free Area wageni hawakosi, waliuliza nimepasuliwa wapi. Shemeji, kwa kunihifadhi heshima, akawajibu, "Kifua." Mgeni mmoja alikuwa na binamu Subukia. Nilipofika nyumbani, bonde zima lilikuwa na habari kamili: Mwalimu amepasuliwa moyo.

Sijawahi kuishi vizuri hivyo. Jirani alinibebea hata ndoo tupu. Katika mkutano wa wauza maziwa nilitoa hoja ambayo hata mimi niliona ni ya kijinga, na mtu alipotaka kunipinga akabanwa mbavu na mwenzake: "Wacha. Moyo." Hoja ikapita. Kwaya ikaniruhusu kukaa wakati wengine wamesimama. Hakuna aliyenieleza habari mbaya yoyote. Jirani alifiwa na punda wake na walinificha juma zima.

Halafu nikaanza zile tembe. Ni za kuzuia homoni, kwa sababu saratani yangu ilikuwa ya aina inayolishwa nazo, na ni lazima nizinywe kwa miaka. Daktari alisema huenda nikahisi joto. Hakusema kwamba litanijia katikati ya ibada, litoke tumboni, lipande shingoni, lifike kichwani, na jasho lichuruzike asubuhi ambayo watu wamevaa makoti. Nilivua koti. Nilivua sweta. Nilijipepea kwa kitabu cha nyimbo. Wazee walinitazama kwa hofu, wakijua ni moyo. Lakini wale kina mama wa chama cha wanawake, waliokaa safu ya mbele na kugeuka kwa pamoja, hawakuwa na hofu hata kidogo. Mmoja wao akafungua mkoba na kunipitishia upepeo wake, akitikisa kichwa kama mtu anayempokea mwanachama mpya.

Nyumbani mke wangu alifurahi hadi nikaona si haki. Miaka ile ya kukoma hedhi, yeye alipokuwa anarusha blanketi na kufungua dirisha, mimi ndiye niliyekuwa nalalamikia baridi. Sasa tulilala dirisha wazi, ukungu wa Subukia ukiingia, mimi nikijipepea, yeye akiwa amejifunika mablanketi yote mawili hadi puani.

"Unasikiaje, Mwalimu?"

"Naungua."

"Pole," akasema, na kitanda kizima kikatikisika kwa kicheko chake.

Mambo yakafika mwisho siku mchungaji alipoomba nizungumze na wanaume wa kanisa. "Tuelezee habari ya moyo," akasema. Ukumbi ukajaa. Nilisimama mbele, nikawaona: wakulima wa kahawa, wenye maduka, mweka hazina, wazee niliokuwa nao darasani. Mke wangu alikuwa nje na wenzake wakipika chai, dirisha likiwa wazi, na nilijua masikio yako wapi.

"Ndugu zangu," nikasema, "moyo wangu ni mzima. Nilikatwa titi. Nilikuwa na saratani ya chuchu."

Kila mwanamume alianza kusoma sakafu. Nikaona afadhali niendelee na kazi ninayoijua, nikafundisha. Nikawaambia inavyoanza: mwasho upande mmoja, ngozi inabambuka, inatoa maji au damu, dawa inaituliza na inarudi, chuchu inabonyea. Nikawaambia si kila mwasho ni saratani, na kwamba kazi ya kujua si yao wala si ya kopo la mafuta ya ng'ombe. Nikawaambia habari ya kikopo cha makohozi. Hapo mtu mmoja nyuma akakohoa kwa kicheko alichokuwa amekibana, na ukumbi wote ukaachilia.

"Sasa tuseme pamoja," nikasema. "Chuchu."

"Chuchu," wakaitikia, wanaume wazima, na kule nje kikombe kikaanguka.

Juma lililofuata nilipata wageni wengi zizini. Kila mmoja alikuja peke yake, na kila mmoja alikuja kuangalia ndama. Walimsifu ndama, wakatazama huku na huku, wakafungua vifungo vya shati. Nilionyeshwa kuumwa na mbu, nilionyeshwa mba, nilionyeshwa kovu la uzio wa seng'enge. Niliwaambia wote jambo moja: mimi nilifundisha Kiswahili, nenda kwa daktari.

Mmoja tu ndiye aliyenitia wasiwasi. Ni jirani anayenunua viazi mashambani na kuviuza mjini, mtu mkali, asiyekubali jambo kabla ya kubishana nalo. Chuchu yake ya kushoto ilikuwa nyekundu na gamba, na alikuwa nayo tangu kabla ya mvua. Alibishana nami, akabishana na mke wangu, akashindwa na mke wangu, akaenda Nakuru. Huko akatolewa kipande na kuambiwa angoje. Siku za kungojea alikuwa anakuja kwetu jioni, anakaa, anakunywa chai, anakwenda. Mke wangu alimpigia koti lake pasi.

Mimi mwenyewe nilikuwa nimetoka kuchunguzwa. Daktari alipapasa kovu, akapapasa makwapa yote mawili, akatazama picha ya upande uliobaki, akasema haoni kitu na nirudi kama kawaida.

Jirani akarudi na majibu: ukurutu. Ukurutu mtupu, wa kupaka dawa. Alikuja moja kwa moja kutoka barabarani, amekasirika kama mtu aliyeuziwa viazi vibovu. Alisema amekaa benchi lile siku nzima kati ya wanawake, mmoja wa Kihoto akamuuliza mbele ya watu kama ananyonyesha, ametoboliwa, amepoteza wateja, na mwishowe ati ukurutu. Alisema hayo yote amesimama mlangoni, na tulimwacha amalize. Kisha akakaa kwenye ngazi, akajifunika uso kwa kofia, akalia.

Jumapili alituita kwake. Alikuwa amechinja jogoo. Akaombea chakula yeye mwenyewe, jambo ambalo mke wake alisema hajawahi kuliona, na akaomba kwa urefu, akiwataja madaktari, na maabara, na wale wanawake wa benchi kama alivyowakumbuka, hadi mchuzi ukaganda mafuta juu. Tukasema amina, tukaula hivyo hivyo ukiwa baridi.